Ukiona Vyaelea

Neno linalosikika kuliko yote kwenye bwawa la kuogelea hapa Section 58 ni "tulia". Jumamosi asubuhi, kabla jua la Nakuru halijapasha maji, kochi amesimama maji yakimfika kifuani, mkono mmoja chini ya kisogo cha mtoto, mwingine chini ya mgongo. "Tulia, mamii. Legeza shingo. Maji yatakubeba." Mtoto anafanya kinyume kabisa. Mabega yanapanda hadi masikioni, vidole vinang'ang'ania shingo ya kochi, macho yanafumbwa kama ya mtu anayemeza kwinini. Kochi anarudia. Pale ukingoni wazazi nao wanasaidia kwa kelele: "Tulia! Si umeambiwa utulie?"

Mimi ni mmoja wa hao wa ukingoni. Mtoto wa dada yangu yuko kwenye hilo darasa na kazi yangu ni kushika taulo. Ukishika taulo miezi kadhaa, maswali huja yenyewe. Kwa nini mtoto ambaye hajawahi kuzama popote, ambaye maji mengi zaidi aliyoyajua ni ya beseni, anaogopa hivi? Na hii kazi ya kumfundisha mtu kujilegeza ndani ya maji ilianza lini? Nikaanza kusoma. Nilichokuta ni kwamba woga wa maji una historia yake, utulivu nao una yake, na zote mbili zinapitia hapa kwetu.

Tuanze na mji. Jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na yeyote aliyepita hapa Februari anajua Wamaasai hawakukosea. Tulipata hadhi ya mji mdogo mwaka 1904, reli ikiwa bado mpya, na tukawa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tuna ziwa mlangoni, ndiyo, lakini si ziwa la kuogelea. Maji yake ni ya magadi, makali kwa macho na ngozi, kina chake ni kifupi na chini kumejaa tope. Limezungukwa na ua wa hifadhi ya taifa, na ndani ya ua kuna nyati na viboko. Flamingo wanakula raha humo. Mtoto wa mtaani analiona kwa mbali, au siku ya ziara ya shule, akiwa ndani ya basi. Kando ya ziwa kuna chemchemi zinazoitwa Baharini. Jina zuri, ila bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa.

Kwa hivyo maji yaliyobaki kwa watoto wa huku ni yale mabaya: machimbo ya mawe yaliyoachwa yakajaa mvua, mabwawa ya mashambani, Mto Njoro ukiwa umefura. Huko ndiko vijana wa rika langu walikoenda kuduf mpararo, nguo zikiwa zimefichwa kichakani. Ukirudi nyumbani, mama hakuuliza kitu. Alichukua mkono wako, akakukwaruza kidogo kwa ukucha, na kama mstari mweupe ulijitokeza kwenye ngozi, kesi imeisha. Ushahidi tosha. Kiboko kilifuata.

Tulidhani ni ukali tu. Siku hizi naona akina mama wale walikuwa wanafanya kazi ya uokoaji kwa kifaa kimoja walichokuwa nacho, yaani hofu. Hakukuwa na bwawa salama wala mwalimu. Kulikuwa na timbo lenye kuta wima zisizo na mahali pa kushika, na kila baada ya muda fulani habari ilikuja ya kijana aliyeingia na hakutoka. Ukiwa na watoto wanne na timbo nyuma ya mtaa, utawafundisha nini? Utawafundisha kuogopa.

Na maji ya kaunti hii yamezidi kuwapa wazazi sababu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba lilipasuka kule Solai na kuua watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa kishindo Mai Mahiu usiku wa manane, yakabeba nyumba na waliokuwa wamelala ndani. Katikati ya misiba hiyo miwili, maziwa ya Bonde la Ufa yalikuwa yakipanda mwaka baada ya mwaka, hadi lango kuu la hifadhi ya Ziwa Nakuru likamezwa. Kujua kuogelea hakungemwokoa mtu wa Solai. Ukuta wa tope na mawe hauogelewi. Lakini mtoto aliyezaliwa kaunti hii tangu hapo amesikia maji yakitajwa pamoja na kifo. Anapofika bwawani na mabega yake masikioni, hajaja mtupu. Amekuja na somo ambalo tayari amelielewa vizuri sana.

Kuna sehemu nyingine ya historia hiyo ambayo haikuletwa na mvua. Maji safi, tulivu, yenye ngazi na ukingo wa kushika, yalikuwepo Nakuru na vitongoji vyake tangu zama za ukoloni. Yalikuwa nyuma ya ua. Huku kulikuwa kitovu cha nyanda za walowezi, na walowezi walijijengea vilabu vyao na shule zao: Pembroke House kule Gilgil ilianza mwaka 1927, St Andrew's ya Turi mwaka 1931, zote kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mwafrika aliingia vilabuni kwa mlango wa jikoni. Aliweza kufua mataulo, asiweze kuyatumia. Uhuru ulipokuja, ubaguzi wa rangi uliondolewa mlangoni na nafasi yake ikachukuliwa na bei.

Mambo haya hayakuwa ya Kenya peke yake. Kule St. Augustine, Florida, mwezi Juni 1964, Wamarekani Weusi na Wazungu walipoingia pamoja katika bwawa la hoteli moja kupinga ubaguzi, meneja aliwamwagia asidi majini. Picha yake ilizunguka dunia. Vizazi kadhaa vilifungiwa mabwawa na fukwe namna hiyo, kisha watu wakaanza kusema kwa uhakika kabisa kwamba mtu mweusi na maji haviivani, eti mifupa yetu ni mizito.

Hebu sasa rudi nyuma zaidi. Mwaka 1455, mfanyabiashara wa Venice aitwaye Alvise Cadamosto alikuwa pwani ya Senegal na alihitaji barua ifikishwe kwenye meli yake wakati bahari imechafuka. Wenyeji wakajitosa, na mmoja wao akayavuka yale mawimbi. Aliandika kwamba hakuna waogeleaji duniani wanaowashinda watu wa pwani ile. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu chake Undercurrents of Power cha mwaka 2018, amekusanya ushuhuda mwingi wa aina hiyo: Wazungu wa karne zile, wengi wao wasiojua kuogelea, wakistaajabia Waafrika waliojifunza maji tangu utotoni. Kwetu vilevile, huhitaji kitabu. Nenda Lamu maji yakiwa yamejaa, utaona watoto wakijirusha kutoka gatini kama vyura. Hawana mifupa tofauti na ya mpwa wangu. Wana maji ya jirani na kaka wakubwa wa kuwaangalia.

Wazungu nao, ngoja nikuambie, waliogopa maji vilivyo. Mwaka 1571 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipiga marufuku wanafunzi kuingia mtoni au kwenye kidimbwi chochote. Adhabu ilikuwa viboko. Mantiki yake ni ileile ya mama zetu. Kisha, mwaka 1587, msomi wa chuo hichohicho, Everard Digby, akachapisha kitabu kwa Kilatini kuhusu sanaa ya kuogelea, chenye michoro. Mchoro mmoja unanifurahisha: mtu yuko majini, ametulia tuli, anakata kucha za miguu kwa kisu. Digby alitaka msomaji aone kwamba ukishaelewana na maji unaweza kustarehe ndani yake kama uko kibarazani.

Miaka karibu 200 baadaye, Mmarekani Benjamin Franklin, yule wa umeme na radi, alimwandikia rafiki yake Oliver Neave barua ya kumfundisha kuogelea. Hakumwambia atulie. Alimwambia achukue yai. Ingia majini polepole mpaka kifuani, geuka utazame ufukwe, kisha tupa yai mbele yako, upande wa maji mafupi. Litazama hadi chini. Sasa jitose ulifuate, macho wazi, ulichukue. Utagundua jambo la ajabu: kushuka ni kazi ngumu. Maji yanakurudisha juu bila kukuomba ruhusa. Woga wako ulikuambia kwamba maji yanavuta chini, na sasa mwili wako umejionea yenyewe yakikusukuma juu.

Naipenda barua hii kwa sababu inamheshimu mwoga. Inachukulia kwamba woga ni hoja, na hoja hujibiwa kwa ushahidi. Kelele hazijibu kitu.

Lakini dunia haikumfuata Franklin, ilifuata jeshi. Mwaka 1817 ofisa wa Prussia, Ernst von Pfuel, alifungua shule ya kuogelea mjini Berlin kwa ajili ya wanajeshi. Mwanafunzi alifungwa mshipi wenye kamba, mwalimu akashika ufito ukingoni, mwanafunzi akaning'inia kama samaki kwenye ndoana huku mikono na miguu ikifuata amri: moja, mbili, tatu. Kwa karibu karne nzima kuogelea kulifundishwa sehemu nyingi kama gwaride. Watoto walifanyishwa mitindo nchi kavu, wamelalia viti, kabla hata ya kulowa. Mitindo ilikuja kwanza. Maji yenyewe yalikuja baadaye, na woga haukuulizwa.

Mgeuko ulikuja taratibu. Mwaka 1925 Kurt Wiessner alichapisha Vienna kitabu kilichogeuza mpangilio huo: mtoto kwanza azoee maji, azamishe uso, afumbue macho, aelee, ateleze, aruke, mitindo isubiri. Na kule Atlanta, tangu miaka ya 1940, kocha Fred Lanoue wa chuo cha Georgia Tech alifundisha mbinu ambayo ukiisikia unaweza kudhani ni mateso. Wanafunzi waliingia bwawani wamefungwa mikono na miguu, na wasizame. Siri yake ilikuwa kutofanya kitu. Unaacha mwili uning'inie, uso ndani ya maji, mapafu yamejaa, kisha unainua kichwa polepole kuvuta pumzi na kurudi. Lilikuwa somo la lazima chuoni hapo hadi miaka ya 1980. Niongeze tu kwamba chuo hicho hakikupokea mwanafunzi Mweusi hata mmoja hadi mwaka 1961. Hata utulivu uligawanywa kwa rangi.

Mwili unafanyaje kazi hapo? Chukua mtungi wa lita 20, kitu ambacho kila nyumba ya Section 58 inacho, maana mfereji wetu una siku zake. Mtungi mtupu uliofungwa kifuniko, ukiutia majini, utaelea hata ukiusukuma chini kwa nguvu. Mapafu yako ndiyo mtungi huo. Yakijaa hewa, watu wengi huelea. Yakiisha hewa, wengi huzama polepole. Mtoto aliyekakamaa anapiga kelele, na kelele ni hewa inayotoka. Anainua kichwa kutafuta mama, na kichwa kikitoka nje ya maji hakibebwi tena, kwa hivyo miguu inashuka. Anakunja magoti kama amekaa kwenye kiti, makalio yanatangulia chini. Kila anachofanya ili asizame kinamzamisha.

Wahenga waliliona hilo kabla ya maabara: mfa maji haishi kutapatapa. Walikosa kipande kimoja tu. Katika miaka ya 1970 mwokoaji wa New York aitwaye Frank Pia alichunguza filamu za watu halisi wakizama na kuokolewa, akagundua kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo wake hauko juu ya maji muda wa kutosha kuita, na mikono inasukuma maji kando bila hiari yake. Kutapatapa kwenyewe ni kwa kimya, na huchukua chini ya dakika moja. Mzazi, kama unasoma hii ukiwa bwawani na simu mkononi, iweke chini kwanza.

Ndiyo maana waokoaji wa Uingereza, RNLI, walipoanzisha kampeni yao ya kuelea mwaka 2017, hawakuwaambia watu waogelee kwa bidii. Walisema ukianguka kwenye maji baridi ghafla, zuia hamu ya kupigana. Lala chali, nyoosha mikono na miguu, subiri pumzi irudi, halafu ndiyo ufikirie kuita msaada au kuogelea. Ushauri huo ulitegemea utafiti wa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kuhusu mshtuko wa maji baridi. Kutulia kumegeuka kutoka adabu ya darasani na kuwa mbinu ya kubaki hai.

Nikirudi kwenye lile darasa la Jumamosi, naona kochi wetu, ambaye sidhani amewahi kukutana na Wiessner, anafanya karibu kila kitu ambacho historia hii ilichukua karne kadhaa kukifikia. Wiki za kwanza hakuna kuogelea kabisa. Watoto wanakaa kwenye ngazi na kupuliza maji kama chai ya moto. Wanapuliza mapovu kwa mdomo, kisha kwa pua. Wanatafuta sarafu chini, miwani ikiwa imevaliwa, na yai la Franklin limekuwa shilingi 10. Kisha wanalala chali, kisogo begani kwa kochi, naye anawauliza habari za nyumbani: paka anaitwaje, jana mlikula nini. Mtoto anayejibu anapumua. Anayepumua analegea. Kochi anapunguza mkono bila kutangaza: kiganja, kisha vidole vinne, kisha viwili. Hawezi kudanganya, maana akimwachia mtoto mara moja kwa utani, imani ya wiki tano imekwisha. Nimemwona akimkatalia baba mmoja aliyetaka mwanawe atupwe tu upande wa kina "ajue maisha". Alimwambia kwa heshima, "Mzee, huyu akitupwa atajifunza kukuogopa wewe na maji."

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshaona uhusiano huu. Kitu kikikaa juu ya maji, kinaelea. Jambo likiwa wazi, nalo husemekana limekuelea. Kueleza ni kukifanya kitu kielee, na mtu aliyeelezwa vizuri ameelewa. Sijui lugha nyingine inayoweka darasa na bwawa katika shina moja namna hiyo. Mtoto hatatulia kwa kuamriwa. Atatulia akishaelezwa kwa mwili wake.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua wa kueleza huko uko Unguja, kaskazini. Watoto wa kike wa visiwani walikua wakiitazama bahari kila siku, wengi bila kuruhusiwa kujifunza kuogelea, kwa sababu za stara na desturi. Kisha ikaja ajali ya MV Spice Islander, Septemba 2011, iliyoua mamia ya watu. Katika miaka iliyofuata, mradi uitwao Panje ulioko Nungwi ulifundisha watoto na wanawake kuelea, kuogelea na kuokoa, wasichana wakivaa mavazi yanayofunika mwili mzima ili desturi isiwe kizuizi. Walimu ni wenyeji, wanaozungumza lugha ya nyumbani. Picha za Anna Boyiazis za masomo hayo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Ziangalie. Utaona wasichana wamelala juu ya Bahari ya Hindi, nyuso zikiangalia mbingu, hakuna anayepigana na kitu.

Kenya nayo si nchi isiyo na waogeleaji. Jason Dunford aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 za kipepeo kule Beijing 2008, kabla haijavunjwa, na akamaliza wa tano kwenye fainali. Lakini medali si hoja yangu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Linashauri watoto wa miaka sita kwenda juu wafundishwe kuogelea na usalama wa majini. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kwa ajili ya jambo hili. Hapa Nakuru siku hiyo hupita kama Jumanne yoyote.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Watoto ninaowaona wakijifunza kuelea kila Jumamosi ni wale ambao pengine hawatawahi kukanyaga timbo. Wanaletwa na gari, wanalipiwa, wana miwani ya maji na taulo lenye picha. Wanaopita kando ya matimbo wakitoka shule ni wengine, na wao bado wanafundishwa kwa ukucha na kiboko. Ua wa mwaka 1927 umebadilisha rangi, haujahama. Na hofu peke yake ni ulinzi mbovu, maana inafanya kazi mpaka siku mpira unapodondokea majini na mtoto anaufuata. Siku hiyo, yule aliyefundishwa kuogopa tu atatapatapa.

Haihitaji kujenga uwanja wa Olimpiki. Kuna mabwawa ya hoteli ambayo asubuhi za katikati ya wiki hayana mtu. Kuna makochi vijana wanaotafuta kazi. Kuna mitungi. Masomo machache ya kupuliza mapovu na kulala chali hayamfanyi mtoto kuwa muogeleaji, wala hayaondoi haja ya kufunika matimbo na kukagua mabwawa ya mashamba, lakini yanamwachia jambo moja ambalo mwili hausahau: maji yanaweza kukubeba ukiyaruhusu. Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema habari za majahazi, na seremala wa jahazi hasimami ufukweni akilipigia mbao kelele ziungane. Anaunga ubao mmoja baada ya mwingine, anaziba nyufa kwa pamba na mafuta, na hashushi chombo majini mpaka kiwe tayari.